Parafini ya Pasaka

Bukavu, Nyalukemba, 14 Januari 2024

Mwanangu Gracien,

Amani ya Bwana ikufikie huko Kampala, na ikifika njiani ikapoa, ipashe moto. Sisi masista tuko wazima. Baba yako, mdogo wangu, bado anagombana na magoti yake na hataki fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee. Dada yako Rosette amejifungua binti kule Cimpunda, na sauti ya mtoto huyo inafika barabarani kabla yako.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba yetu inakaa kwa mama mkuu, na mtu hawezi kuuliza maswali yake yote huku akisikilizwa. Nawe unanijua, maswali ninayo.

Unajua ni mimi ninayetengeneza mishumaa ya Pasaka ya parokia zetu. Mwaka jana parafini niliyopata sokoni ilitoa moshi mweusi mpaka malaika wa ukutani akaota masharubu. Padiri Aganze alicheka, lakini mimi niliona haya. Sasa nasikia kwamba katika vitu vya maabara unavyouza huko, parafini nayo imo. Ni parafini ileile? Watu wa maabara wana kazi gani na mishumaa? Nieleze vizuri, usiniambie kwamba ni mambo ya kitaalamu. Nimesoma shule kabla baba yako hajajua kufunga vifungo vya shati.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniuliza, na miaka hii sita hujaliuliza. Clémence wako bado anafundisha shule kule Miti. Ameona uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari wa hapa mjini atachukua kipande kidogo, na maabara yao itakiangalia. Yeye anacheka akisimulia, lakini mikono yake haicheki kabisa. Mimi nimesema. Kusikia ni kazi yako.

Tantine wako anayekuombea,
Sista Emérence


Kampala, 4 Februari 2024

Tantine mpendwa,

Barua yako ilinifikia ndani ya mfuko wa Anaclet, msafirisha mizigo wetu, ikinuka samaki wa sambaza, na harufu hiyo peke yake ilinirudisha nyumbani. Mungu ashukuriwe kwa ajili ya Rosette na binti yake. Mwambieni baba kwamba hapa Kampala vijana wa mjini wanatembea na fimbo kwa urembo. Si kweli, lakini atakubali.

Sasa parafini. Ile ya mishumaa na ile ya maabara ni ndugu, si pacha. Ya mishumaa inakuja kwa mabamba makubwa, ngumu, imechanganywa na kitu cha kuiimarisha ili mshumaa usimame wima. Ya maabara inakuja kwa chembechembe nyeupe zinazong'aa, na ndani yake mna kitu cha kuifanya inyumbuke. Wanachukua kipande cha mwili, wanakilaza kwenye formoli kisioze, wanakiondoa maji kwa alkoholi, kisha wanakizamisha kwenye parafini iliyoyeyuka. Parafini inaingia kila mahali palipokuwa na maji. Ikipoa, nyama na parafini vimekuwa kitu kimoja, na mashine yenye kisu kikali inakata vipande vyembamba kupita ganda la ndani la kitunguu. Vinawekwa kwenye kioo, vinatiwa rangi, daktari anachungulia. Parafini isiponyumbuka, kipande kinapasuka na daktari haoni kitu.

Biashara hii ina jambo linalonichekesha. Karibu kila ninachouza kina mteja wa pili asiyejua kwamba yuko wa kwanza. Formoli inanunuliwa na maabara na pia na wenye nyumba za maiti. Alkoholi, wateja wake wengine unawajua, na hawavai koti jeupe. Ile dawa ya kuondoa alkoholi kwenye nyama, mafundi rangi wanaipenda. Hata vile vioo vidogo, mama mmoja alinunua katoni nzima akatengeneza taa. Na sasa parafini: maabara, na tantine yangu. Visu tu ndivyo vyenye mteja mmoja. Mji ukiagiza visu vingi najua kuna watu wengi wanaosubiri majibu, na mwezi huu Bukavu mmeagiza vingi.

Barabara haieleweki siku hizi, kwa hiyo mzigo utazunguka mpaka Goma, halafu boti. Nimemkabidhi Anaclet vitu viwili: mabamba safi kwa ajili yako, zawadi yangu ya Pasaka, na katoni za chembechembe kwa ajili ya maabara. Nimemweleza kwa mdomo kipi ni cha nani.

Daktari anayeangalia vipande hapo kwenu ni nani? Anasifiwa? Nauliza kwa ajili ya biashara.

Wako,
Gracien


Bukavu, 6 Machi 2024

Mwanangu Gracien,

Kwaresima njema, wewe unayefunga na wewe usiyefunga. Baba yako amekubali fimbo. Sasa anatembea nayo hata mahali pasipo na haja, na anamnyooshea kila mtu.

Mzigo ulifika Jumatano ya Majivu. Nilipofungua gunia nilipiga kelele mpaka mpishi akaja na mwiko. Parafini nzuri namna hiyo sijawahi kuiona! Nikasema mpwa wangu ananipenda. Nilianza kazi siku hiyohiyo, sikuichanganya na kitu chochote, nikaona ni dhambi kuichafua. Nimetengeneza mishumaa ya waumini ya parokia zote, tena nimeshaigawa. Na mshumaa mkubwa wa Pasaka wa Padiri Aganze nao uko tayari, umesimama stoo kwetu, unanipita mabega.

Lakini nina swali. Mishumaa hii ina tabia ngeni. Inanata kwenye kalibu. Ukiukunja, mshumaa wa kawaida unavunjika. Huu unapinda unakuangalia. Mmoja niliuacha dirishani penye jua, jioni nikaukuta umeinama kama mtu anayefunga kiatu. Nimeupenda, lakini sijauelewa. Mabamba ya Kampala ndivyo yalivyo?

Kuhusu daktari, eti kwa ajili ya biashara. Biashara gani hiyo yenye moyo unaodunda mpaka nausikia kwenye mwandiko? Mficha uchi hazai, Gracien. Daktari ni mzuri. Lakini Clémence hajapata jibu. Walimchoma sindano nene Februari wakatoa kipande chembamba. Binti wa maabara, anaitwa Ariane, amemwambia kila akikata kinapasukapasuka. Amebadilisha kisu, amelaumu formoli, amelaumu umeme. Wamebaki na kipande hicho kimoja, na kurudia sasa haiwezekani kwa sababu kidonda cha sindano kilifanya usaha.

Daktari amesema hivi: ikiwa ni kansa, titi litaondoka lote. Ikiwa siyo, ataondoa uvimbe tu. Na kama hana jibu mpaka Pasaka ipite, hatangoja, ataliondoa titi hivyohivyo, maana kungoja kunaweza kuua. Sasa unajua. Clémence ana miaka thelathini na mitatu.

Sista Emérence


Kampala, 16 Machi 2024

Tantine,

Salamu kwa baba na kwa wote. Nisamehe, leo sitazungusha maneno.

Gunia ulilofungua, ndani mlikuwa na mabamba au mlikuwa na chembechembe? Hukusema. Mabamba yangu hayapindi. Yanavunjika, tena kwa sauti. Nimesoma barua yako nikaketi chini pale pale dukani, kwenye katoni za glavu, mteja akaniuliza kama ni malaria.

Ikiwa zilikuwa chembechembe, basi maabara imepewa parafini ya mishumaa, na ndiyo sababu kipande kinapasuka. Kosa si kisu wala umeme. Lakini kipande hakijaharibika, Tantine! Kinaweza kuyeyushwa kitoke, kizamishwe upya kwenye parafini yake, kikatwe tena. Mwambie huyo Ariane. Anahitaji kidogo tu, bakuli moja. Mimi sina njia ya kuifikisha kabla ya Pasaka, Goma mizigo imerundikana bandarini.

Nilijaribu kupiga simu ya mama mkuu. Ukapokea wewe, ukasema "Clémence yuko hapa karibu yangu," nami nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya. Niliporudia kupiga, simu yenu na ya maabara hazikupatikana tena.

Barua hii anakuletea Anaclet mwenyewe. Muulize.

Gracien


Bukavu, 9 Aprili 2024

Mwanangu Gracien,

Kristo amefufuka, na tantine wako amechoka. Mtoto wa Rosette amebatizwa kwenye mkesha, akamkojolea padiri. Keti, nina mengi.

Anaclet alifika Jumatatu Kuu. Nilisoma barua yako mbele yake, yeye akiwa na chai mkononi, halafu nikamwuliza. Unafikiri aliona haya? Alijinyoosha kwenye kiti. Katoni zilikuwa zimelowa na mvua kwenye boti, kwa hiyo alihamishia vitu vyote kwenye magunia. Alikumbuka vizuri kwamba kimoja ni cha masista na kingine cha maabara. Kipi ni cha nani hakukumbuka, akaamua kwa imani. Nakuandikia alivyosema:

"Ma sœur, niliona moja iko na meremeta sawa teluji ya mu picha, ile ingine iko ya kijivu. Nikasema, ile muzuri haiwezi kuwa ya labo. Wa labo watatia tu mu nyama ya wagonjwa! Ya muzuri iko ya Mungu. Mungu apate ya kwanza."

Alikuwa anangoja nimbariki. Mimi nilishindwa kumgombeza. Ningekuwa mimi kwenye boti ile, na magunia mawili, na Pasaka inakaribia, ningefanya vilevile. Nilimwambia tu, "Anaclet, Mungu naye anaugua." Akaiweka chai yake chini.

Nilichukua mshumaa mmoja uliopinda nikaenda maabara na Clémence. Ariane ni binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Alikuwa amejifungia kazini anaamini mikono yake imekwisha; mabamba aliyoletewa alidhani ni chapa mpya tu. Nilimpa mshumaa, akauminya, akaupinda, akaunusa. Akaruka: "Ma sœur, hii njo yetu! Iko wapi ingine?"

Iko wapi ingine! Iko Kadutu, iko Kabare, iko Walungu, mikononi mwa waumini, imepambwa kwa karatasi na kushikwashikwa. Mmoja niliouleta ulikuwa umepigwa vumbi la dirishani na utambi umepita katikati. Ariane alisema anataka safi, isiyo na rangi wala ubani. Ulibaki mmoja tu mkubwa, nawe unajua ulikuwa umesimama wapi.

Nilikwenda stoo na msumeno wa mpishi. Naomba uelewe kwamba niliutengeneza mshumaa huo kwa wiki mbili, na kwamba tangu nivae kilemba hiki sijawahi kukata kitu cha altare. Nilijiambia: kabla ya kubarikiwa ni parafini tu. Nikajiambia tena, kwa sauti, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Halafu nikaulaza, nikakata chini, mahali ambapo utambi haujafika. Clémence alishika upande wa pili ili usitikisike. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni, nami nikamwacha.

Ariane aliniruhusu kutazama, na hapa, Gracien, nilisahau hata nilichokuja kufanya. Aliyeyusha, akachuja kwa kitambaa, akazamisha kipande upya mara kadhaa, akakifanya kitofali kidogo. Siku ya pili akakifunga kwenye mashine. Akazungusha mkono, na kisu kikatoa utepe mwembamba usiokatika, ukaelea juu ya maji ya vuguvugu kama utando wa maziwa. Niliuliza, "Huyu ni Clémence?" Clémence mwenyewe akajibu kutoka mlangoni, "Ni miye, tantine." Kisha rangi, ya waridi na ya zambarau. Daktari aliniruhusu kuchungulia. Sikuelewa kitu, ila niliona kwamba tumejaa vyumba vidogo vingi kupita nyumba za Cimpunda, na kila chumba kina mtu wake.

Usiku wa mkesha Padiri Aganze aliupokea mshumaa, akaupima kwa macho. "Ma sœur, mushumaa ya mwaka huu iko mufupi." Nikasema, "Iko mufupi, padiri, lakini itawaka." Sababu nilimweleza baada ya misa. Alisema kama tungemwambia mapema, angeshika msumeno yeye.

Jibu lilitoka baada ya Pasaka. Ni kansa.

Nimeacha nafasi hapo juu kwa sababu hata mimi nilihitaji kupumua. Titi litaondolewa wiki ijayo. Nilikasirika na Mungu, nilimwambia kwamba kama ndivyo, si angetuachia mshumaa wetu mzima? Clémence ndiye aliyenituliza. Alisema, "Tantine, sasa iko na jina. Yenye haina jina njo ilikuwa inanikula." Anataka likiondoka, liondoke kwa sababu inayojulikana, si kwa kubahatisha.

Sasa sikiliza vizuri. Daktari anasema kuna swali la pili. Kuna kansa inayosikia dawa ya kidonge, mtu anameza kila siku na kufundisha shule yake. Na kuna ile inayotaka dawa kali ya mshipani, ambayo hapa kuipata ni vita. Ili kujua, kipande kitiwe vitu vinavyoitwa antikorps, vinavyoshika rangi kwenye kansa ya kidonge tu, na Bukavu hatuna. Huko mnavyo. Sista Ghislaine anakuja Kampala kutibiwa macho, na ameshika kitofali chenyewe, amekifunga kwenye leso. Hatampa mtu mwingine isipokuwa wewe. Kipokee.

Sista Emérence


Kampala, 7 Mei 2024

Tantine mpendwa,

Salamu kwa nyumba yote, na pongezi kwa mtoto aliyembatiza padiri. Sista Ghislaine yuko salama, jicho la kulia limefunguliwa na anashangaa jinsi watu walivyozeeka.

Alinikabidhi leso mlangoni pa duka. Miaka yote hii nimeuza parafini kwa magunia, na sikuwahi kushika kitofali hata kimoja. Ni kidogo, Tantine. Kinaweza kupotea kwenye mfuko wa shati. Upande mmoja umekatwa laini, na katikati kuna kidoa cheupe, kirefu, hakifiki hata ukucha. Ariane ameandika namba ubavuni. Nilifunga duka. Nilitaka kuchukua pikipiki, nikaogopa joto la mfuko na mitikisiko, nikatembea kwa miguu mpaka maabara upande wa pili wa mji, nimekishika mkononi ndani ya leso, na njiani nilikuwa nazungumza nacho. Watu walinipisha. Walidhani nina wazimu, na siku ile hawakukosea.

Uliniuliza zamani watu wa maabara wana kazi gani na mishumaa. Sasa naongeza: hizo antikorps ndizo kitu cha pili nilichokuta kwenye biashara hii chenye mteja mmoja tu. Zinasafiri kwenye barafu, chupa yake ni ndogo kama ya wanja, na umeme ukikatika siku mbili zimekuwa maji. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kuzileta Bukavu. Nimeanza kuuliza ingewezekana vipi. Mara hii si kwa ajili ya biashara.

Jibu liko ndani ya bahasha ya daktari, lakini sitakufanya ufungue kwa kutetemeka: vipande vimeshika rangi. Ni ile ya kidonge. Niliposomewa nilimkumbatia fundi wa maabara, mzee wa watu, akaniambia niketi.

Ndani ya bahasha yako kuna barua nyingine, imefungwa. Si yako, Tantine, na nakuomba kwa heshima yote usiishike kwenye mwanga wa dirisha. Ni ya Clémence. Ilinichukua siku nyingi kuliko mahesabu yoyote niliyowahi kufanya. Yaliyomo ni yangu na yake.

Vidonge nimeshavinunua. Nitavileta mwenyewe.

Gracien wako


Bukavu, 19 Mei 2024, Pentekoste

Mwanangu Gracien,

Baba yako anakusalimu, kwa fimbo. Clémence alitoka hospitali mapema mwezi huu na yuko kwetu Nyalukemba mpaka apone. Kidonda kimekauka vizuri. Juzi alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake kitandani na akawapa alama mbaya, kwa hiyo anapata nafuu.

Barua yako sikuishika kwenye mwanga wa dirisha. Nilijaribu, lakini ulitumia karatasi nene.

Nilimpa leo baada ya misa. Aliisoma bustanini amekaa peke yake, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Mimi nilikuwa napalilia kitunguu kilichokwisha kupaliliwa. Mwishowe akaniita. Hakuniambia ulichoandika. Aliniuliza jambo moja tu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto:

"Tantine, anajua kama nimebakia na titi moja?"

Nikamwambia, "Anajua. Ile ingine aliibeba ye mwenyewe mu mukono, kwa miguu, Kampala muzima."

Akaikunja barua yako, akaitia kifuani, upande wa bandeji. Kisha akaniuliza boti ya Goma inafika siku gani.

Tantine wako,
Emérence